Somo: Kuhifadhi Chai ya Pu'er Nyumbani, Pwani na Bara

Chai ya pu'er hutoka mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, na ni miongoni mwa chai chache ambazo mnunuzi huziweka ndani kwa makusudi miaka kumi au ishirini kabla ya kuzimaliza. Wafanyabiashara wetu waendao Guangzhou huweza kurudi nayo kama zawadi: mkate bapa wa mviringo, kwa kawaida wa gramu 357, uliofungwa kwa karatasi nyembamba. Taabu ni kwamba maelekezo mengi ya kuihifadhi yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, ambako vipasha joto hukausha hewa ya nyumba, na kwa hiyo husisitiza kuongeza unyevu. Mkazi wa Tanga au Mombasa akiyafuata kama yalivyo, ataotesha ukungu.

Hatua ya kwanza: tambua aina uliyo nayo. Sheng ni chai mbichi iliyokaushwa juani na kushindiliwa, nayo hubadilika polepole mwaka hadi mwaka. Shou hulundikwa na kutiwa maji kwa wiki kadhaa ili vijidudu viichachushe upesi, njia iliyoanza kutumika katika viwanda vya Yunnan miaka ya 1970. Zitenganishe, kwa sababu shou mpya hubeba harufu nzito ya lundo, na harufu hiyo huhamia kwenye sheng.

Hatua ya pili: pima hewa ya nyumba yako kabla ya kununua chombo chochote. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Nunua kipima unyevu kidogo, kisha ukihakiki kwanza: jaza chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa ya soda, idondoshee maji hadi ilowe yote bila kuyeyuka, ukiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na uuache kwa siku nzima. Hewa iliyomo humo itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, utajua kwamba kila mara unapaswa kuongeza tano.

Chai hukomaa vizuri kwenye unyevu wa asilimia 60 hadi 70 na joto la nyuzi 20 hadi 30. Ukizidi 75 kwa siku nyingi mfululizo, hatari ya ukungu huanza. Ukishuka chini ya 50, chai haiharibiki, ila hukauka na kukomaa kwake huzorota. Wachina wenyewe wanaifahamu tofauti hii: sheng iliyokaa Kunming, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hubaki na manukato makali kwa muda mrefu, ilhali iliyokaa Hong Kong huwa nyeusi mapema na kupata ladha ya udongo. Nairobi na Mbeya zinaelekea upande wa Kunming, na mwambao wetu unaelekea upande wa Hong Kong.

Hatua ya tatu: chagua mahali pasipo jua wala harufu. Jiko halifai, na vivyo hivyo chumba kinachofukizwa udi na ubani, kabati lenye dawa ya nondo, au stoo yenye karafuu na sabuni. Weka chai juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje.

Hatua ya nne: chagua chombo kulingana na hewa. Bara, boksi safi la kadibodi au mtungi wa udongo usio na harufu unatosha. Ukiona hewa ni kavu mno, weka karibu na boksi, si ndani yake, bakuli la maji. Pwani, funga mikate katika mfuko mzito usiopitisha hewa, siku kavu kabla ya masika kuanza, na uufungue mvua zikiisha. Usiivue chai karatasi yake. Andika juu yake mwezi na mwaka ulioipokea.

Hatua ya tano: kagua kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua. Nusa kwanza, kisha tazama ukingo na kishimo cha nyuma ya mkate, kwani unyevu hujificha hapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, friji haitafaa kwetu Dar es Salaam?
Jibu: Haifai, ndugu yangu. Baridi huzuia ukomavu, harufu ya samaki na vitunguu huingia, na kila unapoitoa chai, umande huijia juu.

Swali: Majani ya Kericho au Mufindi nayo yanaweza kukomazwa?
Jibu: Majani meusi yaliyosagwa hayanufaiki na miaka. Hupoteza harufu yake taratibu, kwa hiyo yafunge vizuri na uyanywe yakiwa mapya.

Swali: Mende wametoboa karatasi. Nipulize dawa?
Jibu: Usithubutu, maana chai itainyonya. Badilisha boksi, osha rafu, iache ikauke, na uzibe nyufa.

Swali: Nimeona vitone vya manjano ndani ya chai. Nitupe?
Jibu: Inategemea ni chai gani. Katika fu, chai nyeusi ya China ya mkoa wa Hunan inayoshindiliwa kama matofali, chembe ndogo za dhahabu zilizotapakaa ndani ni kuvu inayooteshwa kwa makusudi, nayo ni dalili ya kazi nzuri. Katika pu'er usijifariji kwa hoja hiyo: ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya manjano, au ukinusa harufu kali ya uvundo, itupe yote, kwani kukwangua juu hakuondoi kilichokwisha kupenya ndani. Kisha itoe mikate iliyokuwa jirani, ikague mmoja mmoja, na uiweke peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuirudisha rafuni.