Mbwa anayeogopa brashi: anza na dagaa
Mbwa wako akiona brashi tu anaingia uvunguni? Tafadhali msimbane watu wawili. Ukimlazimisha leo, kesho atakimbia hata mlio wa beseni.

Iache brashi sakafuni, karibu na pale anapokula. Akiisogelea kuinusa, mpe dagaa mmoja. Ni hivyo tu kwa siku mbili tatu. Kisha mguse begani kwa mgongo wa brashi, dagaa. Mpitishie mara moja, dagaa, acha. Dakika mbili zinatosha, na umalize yeye akiwa bado ametulia.

Miguu ndiyo kazi. Mbwa wengi hawapendi kushikwa nyayo, na huko katikati ya vidole ndiko kupe hupenda kujificha. Wangu nilianza begani, nikashuka kidogo kidogo hadi vidoleni. Zilipita wiki tatu kabla sijaleta kikata kucha. Siku ya kwanza nilikata ukucha mmoja, ncha tu, maana ndani kuna mshipa wa damu na ukiukata anaumia kweli, wala hatasahau upesi.

Mtazame usoni. Akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, akilaza masikio nyuma au ukaona weupe wa jicho, anakuambia inatosha. Rudi hatua moja nyuma. Na kama alikuwa mtulivu, ghafla akaanza kung'aka ukimgusa sehemu moja, huenda pana maumivu hapo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kuendelea.