Anza na Birika, Kisha Umwite Bibi

Nilipoanza kusomea upigaji picha, mwezi mzima nilipiga watu tu, na kila picha ilitoka macho yamezama kwenye kivuli. Nilikuwa nawasimamisha nje saa saba mchana, jua la Dar liko utosini. Mwalimu akanikataza watu kwa wiki mbili. Akaniambia nitafute chombo kimoja na dirisha moja. Nilinuna sana, lakini leo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hapo.

Tafuta dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. La chumba changu Magomeni hupata jua la asubuhi tu, kwa hiyo nasubiri saa tano ipite. Zima taa, maana balbu ikichanganyika na mwanga wa nje, upande mmoja wa picha huwa wa njano. Weka stuli kando ya dirisha, tandika kitambaa cheusi, weka birika la bati juu yake, kisha tulia ulitazame. Tumboni mwake utaliona dirisha zima, nondo na wavu. Simamisha manila nyeupe upande wenye kivuli: kivuli kinapungua. Iondoe, weka kitambaa cheusi: kivuli kinakolea. Sogeza stuli hatua mbili kutoka dirishani, na ukuta wa nyuma uliokuwa gizani utaanza kuonekana. Rudia mpaka uweze kubashiri kabla hujabonyeza.

Sasa jambo linaloharibu picha zetu nyingi. Kamera haijui kitu kipi ni cheusi na kipi cheupe, kila kitu inakivutia kwenye kijivu. Mtu mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, kamera inapunguza mwanga na sura inapotea. Pima mwanga shavuni, siyo ukutani, au ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili. Mbele ya kitambaa cheusi, punguza.

Pazia la nyuma lisikusumbue. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio mwaka 1948, alianza na shuka la kitanda chake mwenyewe, akapiga kwa mwanga wa uani. Khanga inatosha.

Kisha nikamwita bibi mwenye nyumba akae palepale lilipokuwa birika. Lenzi ya 50mm, tundu la lenzi f/2.8 (namba ikipungua, tundu linapanuka na eneo lililo kali linapungua), kwa sababu kwenye f/1.8 jicho moja lilikuwa kali na la pili limefifia. Kasi 1/125 ya sekunde, birika linavumilia kasi ndogo, mtu anapumua. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe.

Kosa langu lilikuwa kumwambia, "Bibi, tabasamu." Akakakamaa kama yuko kwenye picha ya kitambulisho.

"Mjukuu wangu, unanichelewesha, mchele wangu sijauchambua."

"Basi uchambue hapahapa, bibi."

Akaweka ungo mapajani. Vidole vikaanza kutembea, mabega yakashuka, midomo ikalegea. Nikaona jambo ambalo bila zile wiki mbili lingenipita: mwanga wa dirisha ulikuwa unagonga mchele na kurudi juu, chini ya kidevu chake, ukifungua makunyanzi moja moja. Nikaiondoa manila yangu polepole.

Nilimwonyesha zote kwenye kioo cha kamera. Akaniagiza nimsafishie ile ya ungo, ambayo hakunitazama kabisa.