Uandishi wa habari kuanzia komyuniti koleji: usisubiri ufike chuo kikuu

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimeanza komyuniti koleji, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani umekosa chuo?" Sikumlaumu. Kwetu Tanga ukitaja koleji, watu wanawaza cheti au diploma ya aliyepungukiwa pointi. Hapa California mambo ni tofauti. Koleji ya aina hii ni nusu ya kwanza ya shahada yenyewe: unasoma yuniti 60 hapo (yuniti ndicho kipimo cha uzito wa somo), unamalizia 60 nyingine chuo kikuu, na shahada utakayotunukiwa ni sawa na ya yule aliyeanzia chuo kikuu tangu mwaka wa kwanza.

Nazungumzia California kwa kuwa ndiko nilikosoma, na majimbo mengine yana kanuni zao. Jimbo hili lina vyuo vya jamii, yaani komyuniti koleji, 116. Mkazi analipa dola 46 kwa yuniti, yaani dola 2,760 kwa yuniti zote 60. Linganisha na vyuo vikuu vya CSU (California State University, mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo), ambavyo ada yao kwa mkazi ilikuwa dola 6,450 kwa mwaka mmoja tu wa masomo wa 2025/26. Ili uhesabiwe mkazi unatakiwa uwe umeishi jimboni mwaka mmoja na siku moja, na uwe na ushahidi kwamba umekuja kukaa: leseni ya udereva, marejesho ya kodi, mkataba wa nyumba. Kipato chako kikiwa kidogo, omba California College Promise Grant, inayofuta hata hizo dola 46. Mwenye grini kadi ajaze pia FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo wa serikali kuu, ila akumbuke kwamba ruzuku ya Pell, inayotolewa na serikali hiyo kwa wenye kipato kidogo, ina ukomo wa mihula 12 maishani. Muhula unaoupoteza kwa madarasa yasiyo na kazi unaulipia baadaye.

Wewe uliyekuja kwa visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hesabu yako ni nyingine. Unalipa ada ya mgeni hata ukikaa miaka mitatu, na katika vyuo vingi inazidi dola 300 kwa yuniti. Ni lazima uchukue yuniti 12 kila muhula, na katika hizo darasa moja tu la mtandaoni ndilo linalohesabiwa. Kazi za ndani ya chuo unaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kupiga boksi nje bila kibali ni kuichezea visa, na nimeona watu wakirudishwa nyumbani kwa hilo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wengi wanachagua koleji kwa ukaribu wa nyumbani au kwa sababu binamu yao alisoma pale. Anayetaka uandishi wa habari achague kwa gazeti. Kabla hujajiandikisha, soma gazeti la wanafunzi la mwezi mzima. Je, habari zinatoka kila wiki, au ya mwisho ni ya mwaka juzi? Majina ya waandishi ni mengi, au ni mtu mmoja anabeba mzigo wote? Wamewahi kuhudhuria kikao cha bodi ya chuo? San Diego City College wana City Times, Santa Monica College wana The Corsair, City College of San Francisco wana The Guardsman, El Camino wana The Union. Anza kwa kusoma hayo ili ujue gazeti hai linafananaje.

Mimi habari ya kwanza nilipewa wiki ya tatu: uhaba wa maegesho ya magari. Niliiandika kama nilivyozoea kusoma magazeti ya nyumbani, kila mtu na heshima yake: Bwana fulani, Dokta fulani, Mheshimiwa fulani. Mhariri, binti wa miaka 20, alikaa nami kwenye kompyuta akafuta heshima zote moja baada ya nyingine. Mtindo wa shirika la habari la AP (Associated Press), unaofuatwa na magazeti mengi ya Marekani, unataka jina kamili mara ya kwanza, na baada ya hapo jina la mwisho peke yake. Kumwita mzee wa miaka 70 kwa jina la mwisho tu kuliniuma kama vile nimemtukana mbele za watu. Kisha kando ya kila aya akaandika swali moja: nani amesema? Aya tano hazikuwa na jibu. Nilirudi kwenye maegesho nikiwa na daftari.

Hilo la majina lina upande wa pili ambao sisi tunaujua kuliko wao. Mkongomani, Msomali au Mswahili hana lazima jina lake la mwisho liwe la ukoo. Kwa Msomali, kwa mfano, mara nyingi ni jina la babu yake. Muulize mhusika anaitwaje, mwombe aliandike mwenyewe kwenye daftari lako, kisha umweleze mhariri. Wenzangu walikuja kuniuliza mimi kabla ya kuchapisha.

Na lugha, ndugu yangu, usiifiche. Siku moja katika mtaa wa City Heights, San Diego, nilikuwa napanga foleni dukani nikasikia nyuma yangu bibi anasema Kizigua. Kizigua, lugha ya Handeni! Walikuwa Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande zetu karne ya 19, na wengi wao waliletwa Marekani kama wakimbizi kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Nilimwamkia, akaniita mjukuu wake papo hapo, na wiki iliyofuata nilikuwa sebuleni kwake. Hakuna mwenzangu yeyote darasani ambaye angeweza kuipata habari ile.

Tahadhari moja ya kisheria: California hairuhusu kurekodi mazungumzo ya faragha, yakiwemo ya simu, bila ridhaa ya wote wanaozungumza. Omba ruhusa, na jibu la ndiyo lisikike kwenye rekodi.

Vikao vya bodi ya chuo ni shule ya bure. Kwa sheria iitwayo Brown Act, ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, na mlango uko wazi kwa umma. Kikao changu cha kwanza nilikaa saa tatu na sikuelewa hata nusu yake. Cha nne ndipo nilianza kuona nani anapiga kura na nani, na fedha zinapita wapi.

Upande wa kuhamia chuo kikuu mimi niliumia, kwa hiyo sikiliza. Kwa mapenzi ya fani nilichukua kila darasa la habari lililokuwepo. Chuo kikuu kilichonipokea kilihesabu yuniti 6 tu kati ya hizo kwenye fani yangu. Shule za uandishi zenye ithibati ya ACEJMC, baraza linalokagua shule za uandishi wa habari, zinataka angalau yuniti 72 za mwanafunzi ziwe nje ya uandishi wa habari, na CSU haipokei zaidi ya yuniti 70 kutoka koleji. Chukua utangulizi wa mawasiliano ya umma, uandishi wa habari na darasa la gazeti. Nafasi iliyobaki ijaze kwa historia, uchumi, Kihispania na takwimu. Takwimu inakidhi sharti la hesabu la CSU, na kuna masharti mengine matatu ya kukamilisha: uandishi, kuzungumza mbele za watu na fikra tunduizi, yote kwa alama isiyopungua C-.

Omba mpango wa AA-T katika Journalism, yaani shahada ya koleji iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2010. Unakuhakikishia nafasi katika mfumo wa CSU ukiwa mwaka wa tatu, ingawa si lazima iwe kampasi unayoitamani. Upande wa UC (University of California, mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya jimbo), kampasi nyingi hazina shahada ya kwanza ya uandishi wa habari. Irvine wanayo ya Literary Journalism. Kampasi sita za UC zina mkataba wa TAG, unaokuhakikishia nafasi ukitimiza masharti, na unaombwa Septemba. Maombi ya kawaida ya CSU na UC huanza kupokelewa Oktoba 1. Kila darasa, lihakiki kwenye tovuti ya ASSIST, inayoonyesha darasa la koleji linahesabiwaje chuo kikuu, kabla ya kulipia, na muone mshauri wa masomo muhula wa kwanza ukiwa na orodha yako mkononi.

Ukikaribia kuondoka, hifadhi kila ulichochapisha kama PDF, kwa sababu tovuti za wanafunzi hufa bila taarifa. Barua ya mwalimu iombe wakati bado anaikumbuka sura yako. Na wiki ya kwanza chuo kikuu, kabla hata hujajua kantini iko wapi, nenda chumba cha habari na kazi zako tatu bora, uulize kikao cha wahariri ni siku gani.