Usaili wa kazi na wa skolashipu: anza kujiandaa ukiwa bado chuo

Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, walitangaza nafasi 1,596 na maombi yaliyoingia yakapita laki moja na thelathini. Wadogo zangu mlio mwaka wa pili na wa tatu, kwenye foleni ile digrii walikuwa nazo wengi mno, na GPA nzuri vilevile, kwa hiyo ukishavuka mtihani wa mchujo kinachobaki ni mdomo wako. Na mdomo ndo kitu ambacho watu hawakifanyii mazoezi kabisa, mtu anajiandaa na usaili kama anavyojiandaa na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, anakesha na madesa, afu akikalishwa mbele ya watu watatu sauti inakauka.

Tuanze na makaratasi maana hapo wapo wanaorudishwa kabla hata hawajaulizwa swali. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira, wale wanaoajiri kwa niaba ya taasisi za serikali, unaenda na vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha form four, cha form six, cha chuo, pamoja na kitambulisho kama cha NIDA au cha mpiga kura. Risalti slipu za form four na six hawapokei, testimonio hawapokei, matokeo ya muda ya chuo hawapokei, na tangazo la kuitwa kwenye usaili huwa limeyasema yote hayo, sema watu wanatafuta jina lao tu kwenye pdf wakiliona wanafunga. Kama majina yako yanatofautiana, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha sekondari kinasema vile, nenda kwa wakili sasa hivi ukashughulikie dipoli, yaani hati ya kisheria ya kuweka sawa jina, na isajiliwe, usisubiri uitwe ndo uanze kukimbia. Aliyesoma nje vyeti vyake vihakikiwe TCU (digrii), NACTVET (vyuo vya kati) au NECTA (sekondari). Nauli, chakula na pa kulala ni juu yako, kwa hiyo kwenye bumu la mwisho tenga kidogo.

Haya, kusoma. Usihangaike na mapdf ya "maswali 100 ya usaili" yanayozunguka WhatsApp, mengi ni ya zamani na kila mtu anayo. Chukua tangazo lenyewe la kazi, nenda sehemu ya majukumu, kila jukumu ligeuze kuwa swali. Tangazo likisema "kuandaa nyaraka za zabuni", jiulize nyaraka hizo ni zipi, zinaandaliwa na nani, kwa sheria ipi, kwenye mfumo gani. Hapo hapo utagundua una mapengo. Kwa mtu wa ugavi kwa mfano, madesa mengi bado yana sheria ya ununuzi ya 2011 na TANePS, mfumo wa zamani wa zabuni mtandaoni, wakati sheria iliyopo ni ya 2023 na mfumo ni NeST. Au unaulizwa utendaji wa mtumishi wa umma unapimwaje unajibu OPRAS, ule mfumo wa zamani, kwa kujiamini kabisa, kumbe watu walishahamia PEPMIS. Jibu la namna hiyo linaonyesha umekariri notsi za kaka yako. Soma na taasisi yenyewe pia, ilianzishwa kwa sheria gani, iko chini ya wizara gani, inafanya nini, ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Sasa kwenye kuongea, na hapa ndo nataka mkae sana. Swali la kwanza karibu kila mahali ni "tueleze kuhusu wewe". Watu wengi wanaanzia kuzaliwa, shule ya msingi, watoto wangapi nyumbani, dakika tatu zimeisha hajafika chuo. Wao CV wanayo mezani. Anzia mwisho, kitu kama hivi:

"Nimemaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka huu. Fildi nilifanya halmashauri, kitengo cha manunuzi, nilikuwa napanga mafaili ya zabuni na kumsaidia afisa kufuatilia mikataba. Pale niliona wazabuni wanavyochelewesha vifaa ndo maana hata utafiti wangu wa mwaka wa tatu niliufanya kwenye hilo. Nafasi hii nimeiomba kwa sababu usimamizi wa mikataba ni sehemu ya majukumu yake."

Basi, haifiki hata dakika. Na umewaachia ndoano, swali linalofuata huenda likawa la fildi au la utafiti wako, vitu ambavyo unavijua kuliko wao.

Maswali mengine yanataka kisa. "Tuambie siku uliyofanya kazi na mtu mgumu", "eleza changamoto uliyoitatua". Mwanafunzi anasema mimi sijawahi kufanya kazi nitasema nini, jamani, we umesoma miaka mitatu na group asaimenti huna kisa cha mtu mgumu? Sema hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini hasa, mwisho wake nini. Mfano: tulikuwa sita, mwenzetu mmoja haonekani na tumebakiza siku nne kukusanya, badala ya kumfuta jina nikampigia, nikakuta anaendesha boda usiku ili alipe ada, tukampa kipande cha kuchapa na kupanga marejeo akawa anakifanya alfajiri, tukakusanya kwa wakati. Sema "mimi nilifanya", maana ukisema "tulifanya, tulifanya" mwanzo mwisho paneli haijui ikupe alama za nini. Tafuta visa vyako vitano au sita vya kweli, fildi, serikali ya wanafunzi, kanisani au msikitini, biashara ya chipsi hosteli, vyote vinafaa. Kisa cha kuazima kinakatika kwenye swali la pili, wakiuliza tu "na huyo mwenzako alisemaje?"

Afu visemee kwa sauti. Kaeni watatu chumbani, mmoja anajibu, mmoja anauliza, mwingine kazi yake kukatiza na kununa, simu inarekodi. Sikiliza ile rekodi hata kama inakera, utajisikia "eeeh", "yani", "kama nilivyosema". Mnunaji ni muhimu kwa sababu paneli za kwetu nyingi hazitabasamu, watu wanaandika alama zao wameinama, na mtu asiyezoea anadhani ameshafeli anaanza kujikanyaga.

Usilolijua sema "hilo sina uhakika nalo, ninachofahamu ni hiki", usibuni namba ya kifungu. Ukiulizwa udhaifu, tafadhali usiseme unafanya kazi kupita kiasi, taja kitu cha kweli kidogo na unachofanya kukirekebisha. Mshahara: serikalini tangazo lina ngazi kabisa, mfano TGS D, kwa hiyo jibu ni kwamba umeiona ngazi na umeikubali, kampuni binafsi uliza waliotangulia kwanza halafu taja kiwango cha kuanzia na cha juu. Salamu inafuata lugha ya usaili, kama ni Kiswahili na mbele yako kuna watu wazima, "shikamooni" ni sahihi kabisa wala sio ushamba. Nguo safi, zilizopigwa pasi, viatu ulivyowahi kuvaa.

Wa masta. Skolashipu kama Chevening, ya masta ya mwaka mmoja Uingereza, inakusaili kwenye yale yale uliyoandika kwenye insha zako: uongozi, mahusiano, kwa nini kozi hiyo, na mpango wako wa kazi. Kwa hiyo insha uliyoandikiwa na mtu au na roboti itakuumbua, mtu atakuuliza "umesema ulianzisha mradi, bajeti ilitoka wapi?" ukabaki unatoa macho. Wanataka pia masaa 2,800 ya uzoefu wa kazi, na kujitolea na intanshipu vinahesabiwa, ndo maana nasema zoea kuandika mapema: wapi, tarehe gani, masaa mangapi, msimamizi nani. Na baada ya masomo unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, hivyo mpango wako uwe wa hapa, utaje taasisi na tatizo unalotaka kulishika, "nataka kuisaidia jamii yangu" kila mtu anaisema.

Usaili ukiwa wa Zoom, luku iwe na uniti, bando lipo, na simu ya pili ya hotspoti iwe pembeni. Waambie rumeti wazime subufa.

Ukishatoka, usiandike maswali kwenye grupu la telegramu wakati wenzako bado wako ndani. Na laini uliyoombea kazi isizime, kwa sababu Sekretarieti ya Ajira waliofaulu wakakosa nafasi wanawekwa kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa baadae bila usaili mwingine. Ukibadilisha namba ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ule mtandao wa Sekretarieti unakoombea kazi, ukaibadilishe na huko.