Jinsi ya kutengeneza chai ya majani ya wintagrini

Huu mmea ni mdogo tu, unatambaa chini ya misonobari huko mashariki mwa Marekani na Kanada, jina la kitaalamu Gaultheria procumbens, na majani yake yanabaki kijani hata kwenye theluji. Jani ni gumu linang'aa, tunda jekundu, ila kipimo cha kweli ni kulifikicha na kunusa, kama halitoi ile harufu ya dawa za kuchua misuli achana nalo. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, wamekunywa chai yake toka zamani kwa homa na maumivu ya viungo.

Chuma machache hapa na pale, unakua taratibu mno huu. Katakata, tia kwenye chupa, mimina maji ya moto, funika uache siku 2 au 3 sehemu ya joto mpaka uone vipovu, hapo ndo ladha inatoka, maana ukiloweka dakika chache tu inakuwa nyepesi sana. Chuja, pasha kidogo, kikombe kimoja kinatosha.

Mafuta ya wintagrini USIYANYWE kabisa jamani, kijiko kimoja cha chai ni kama vidonge 20 vya aspirini, kinaweza kuua mtoto. Mwenye aleji ya aspirini, anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), wajawazito na watoto, hata hiyo chai wasiguse.