Baa ya Tiki Hotelini: Jinsi ya Kuingia, Kuagiza na Kuondoka Salama

Nimesimama nyuma ya kaunta za baa za tiki, yaani baa za vinywaji vya ramu zenye mapambo ya visiwa vya Pasifiki, kwenye hoteli za mapumziko kwa miaka mingi, na kila wiki namwona mgeni yuleyule kwa sura tofauti. Amefika mchana, jua limemchoma, hajala. Anaagiza kinywaji chenye mapambo mengi kuliko vyote, anakimaliza kwa dakika kumi kwa sababu kina ladha ya juisi, kisha anaagiza kingine. Saa moja baadaye jioni yake imekwisha, na hakumbuki hata alichokunywa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Vinywaji vya tiki ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote katika fani hii, na inaniuma kuona vikinywewa bila kuonjwa.

Hatua ya 1: Jua ni baa ya aina gani

Hoteli nyingi huita "tiki" vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni banda la makuti kando ya bwawa la kuogelea. Hapo utapewa kikombe cha plastiki, kwa kuwa vioo haviruhusiwi karibu na bwawa, na mara nyingi kinywaji kitatoka kwenye mashine kikiwa kimeshachanganywa. Ni baridi, ni kitamu, na mchana wa joto kinafaa.

Cha pili ni baa ya ndani, yenye giza la makusudi, bila madirisha, na taa hafifu zilizotengenezwa kwa ngozi kavu ya samaki aitwaye bunju. Kuta ni za mianzi, na maboya ya kioo ya wavuvi yananing'inia darini. Ukitaka kujua tiki ni nini hasa, nenda huko. Vaa nguo kavu, funika vazi la kuogelea. Fika katika nusu saa ya kwanza baada ya kufunguliwa. Kinywaji kimoja kinaweza kuwa na viungo vinane au kumi, na watu thelathini wakija pamoja baada ya jua kuzama, hakuna mhudumu atakayepata nafasi ya kukueleza lolote. Uliza pia kama watoto wanaruhusiwa, maana baa nyingi huwapokea mchana na kuwazuia usiku.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kukaa

Sanamu unazoziona zimetokana na michongo ya watu wa visiwa vya Polinesia. Kwa Wamaori, Tiki ni jina la binadamu wa kwanza katika masimulizi yao. Kwa hiyo usizivalishe kofia wala kuzipandia kwa ajili ya picha, hata kama hizi zilichongwa kiwandani.

Vinywaji vyenyewe havikutoka huko. Vilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1930, pombe iliporuhusiwa tena baada ya marufuku kuondolewa mwaka 1933. Ernest Gantt, aliyejiita Don the Beachcomber, alifungua baa Hollywood akachanganya ramu (pombe kali ya miwa) za Karibi, ndimu na viungo kama mdalasini, huku akipamba ukumbi kwa vitu vya Bahari ya Pasifiki. Victor Bergeron, maarufu kama Trader Vic, alifungua yake Oakland mwaka 1934. Ramu ni ya bahari moja, mapambo ni ya bahari nyingine. Ukilijua hilo utaielewa menyu upesi zaidi.

Hatua ya 3: Taja mzio wako kabla ya kuagiza chochote

Hatua hii usiiruke. Shira ya lozi imo katika vinywaji vingi vya tiki, ukianza na Mai Tai, na menyu nyingi huiita orgeat bila kueleza zaidi. Jioni moja nilimpa mgeni Mai Tai, akaileta puani kabla ya kuonja, akaniuliza, "Kaka, hii si harufu ya lozi?" Alikuwa na mzio wa lozi na korosho. Nilirudisha bilauri, nikaosha vyombo vyote nilivyotumia, nikamtengenezea kingine kisicho na shira ile. Mikono yangu ilitetemeka hadi tulipofunga. Tangu siku hiyo namwuliza kila mgeni, lakini si kila mhudumu atakuuliza. Sema mwenyewe. Nazi nayo itaje kama inakudhuru.

Hatua ya 4: Soma menyu kwa kuhesabu ramu

Acha majina na picha. Hesabu ni aina ngapi za ramu zimetajwa, na kama kuna yenye kilevi cha asilimia 75 hivi, ambayo menyu huiandika kwa namba 151. Baa nyingine huchora mafuvu au moto kuonyesha ukali. Yaamini.

Tuchukue Mai Tai ya kawaida: mililita 60 za ramu na mililita 15 za likeri ya machungwa, yaani pombe tamu yenye ladha ya machungwa. Hicho ni kilevi kinachokaribia bia mbili za mililita 330 zenye asilimia 5. Zombie, ile ya Don the Beachcomber ya mwaka 1934, ina takriban mililita 120 za ramu tatu, moja ikiwa hiyo kali. Ni sawa na bia tatu na nusu hivi katika bilauri moja. Don mwenyewe hakumwuzia mteja zaidi ya mbili. Kwa mtu aliyeshinda juani, mimi nasema moja inatosha, tena akiwa ameshakula.

Kama hunywi pombe, mwambie mhudumu ladha unayopenda: chachu, nazi, au viungo. Ndimu, nanasi, shira ya mdalasini na barafu nyingi hutoa kinywaji kizuri kweli, na mhudumu mzuri hukitengeneza kwa uangalifu uleule.

Hatua ya 5: Agiza cha kwanza kwa akili

Keti kwenye kaunta, upande ule ndimu zinapokamuliwa. Uliza swali moja tu: "Ndimu mnakamua hapa?" Jibu likiwa ndiyo, agiza Mai Tai. Jibu likiwa hapana, agiza Piña Colada au kitu kingine chenye nanasi na nazi, kwa sababu nazi huficha kasoro, na juisi ya ndimu ya chupa haifichiki.

Mai Tai ndiyo mtihani wa baa yoyote ya tiki. Trader Vic alisema aliibuni mwaka 1944: ramu iliyokomaa, ndimu, likeri ya machungwa, shira ya lozi na shira ya sukari. Hakukuwa na nanasi. Mwaka 1953 aliipeleka kwenye hoteli za Waikiki, Hawaii, na ni huko ilikoanza kuongezewa juisi ya nanasi. Ndiyo maana hotelini mara nyingi utaletewa ya manjano, tamu, yenye ramu nyeusi inayoelea juu. Zote mbili zina haki yake, ila sema unayoitaka: "Ile ya zamani, bila nanasi." Utaona mhudumu anavyokunjua uso.

Sasa mtazame. Ndimu inakatwa nusu, inabanwa mara moja, si mara mbili, kwa sababu ukiminya sana ganda hutoa uchungu. Kila kiungo kinapita kwenye kipimo. Barafu iliyopondwa inaingia, chombo kinatikiswa kwa sekunde kama kumi mpaka kinafanya ukungu nje na kushika vidole kwa baridi. Kinamiminwa na barafu yake. Ganda la ndimu linalazwa juu, na shada la mnanaa linapigwa kofi kwenye kiganja kabla ya kuchomekwa, ili harufu ifunguke.

Hatua ya 6: Kunywa polepole

Mnanaa haupo kwa ajili ya picha. Mrija umewekwa karibu nao ili kila funda lianze puani, kwa hiyo usiutoe mnanaa. Ua la okidi ndilo pambo halisi. Harry Yee, mhudumu wa Waikiki aliyebuni kinywaji cha Blue Hawaii mwaka 1957, alianza kuyatumia kwa sababu wageni walikuwa wakiacha vijiti vya miwa kwenye visahani vya majivu na kuvijaza utomvu.

Funda la kwanza litakuwa kali. Ngoja dakika tatu, barafu iyeyuke kidogo, ndipo kinywaji kifikie pale kilipokusudiwa. Agiza maji pamoja nacho na uyamalize kabla ya kuagiza cha pili.

Hatua ya 7: Bakuli la moto

Mkiwa watatu au wanne mnaweza kuagiza bakuli la kushirikiana, lenye mirija mirefu na moto katikati. Moto huo ni ramu kali ndani ya ganda la ndimu. Nywele ndefu zifungwe nyuma. Msiupulize moto kwa nguvu, maana ramu inayowaka huruka, wala msiguse ganda mara moto ukizimika. Mwacheni mhudumu auzime.

Hatua ya 8: Bili, kikombe na njia ya kurudi

Bili huandikwa kwenye hesabu ya chumba chako. Isome kabla ya kusaini: hoteli nyingi zimeshaweka asilimia ya huduma humo, na bakshishi ya juu yake ni hiari yako. Kikombe cha udongo chenye uso wa sanamu ni mali ya baa. Uliza kama kinauzwa, na mara nyingi utapewa kipya kilichofungwa vizuri.

Kama ulikamua ndimu kwa mkono ukiwa kando ya bwawa, nawa kwa sabuni kabla ya kurudi juani. Juisi ya ndimu ikipigwa na jua kwenye ngozi huunguza, na malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye, wakati umeshasahau kilichosababisha. Wahudumu wapya hujifunza hili kwa maumivu. Na ukishakunywa, bwawa na bahari viache hadi asubuhi.