Kwenda Marikiti wakati wa kaskazi: jinsi ninavyochagua vyakula vya pwani

Upepo wa kaskazi ukishika, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, joto la Mombasa halisemeki, lakini ndipo Marikiti, soko letu la mjini, inaponukia embe tangu mlangoni. Mimi hupika chakula cha kuagizwa nyumbani kwangu Majengo, na karibu kila kinachoingia chunguni mwangu nimekichagua kwa mkono wangu. Nikiulizwa siri, jibu langu ni maswali mawili ninayomuuliza kila mchuuzi: kimetoka wapi, na kimechumwa lini? Hatua zifuatazo ni za kujua kama jibu ulilopewa ni la kweli.

Hatua ya 1: Fika mapema, na vikapu vyako

Saa moja asubuhi uwe umeshafika Barabara ya Digo. Matatu nyingi za mjini hupita mbele ya soko. Ukitoka Likoni, kwenye feri mwenye kwenda kwa miguu halipi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, basi beba vikapu viwili vya ukili, kimoja cha vizito na kimoja cha vinavyopondeka. Tia na leso kuukuu iliyoloweshwa maji. Kazi yake utaiona mbele.

Kongowea, kule ng'ambo ya daraja la Nyali, ni soko la jumla. Kama huna haja ya gunia zima au kreti, Marikiti yatosha.

Hatua ya 2: Zunguka kwanza, usinunue

Salimu watu. "Sabalkheri mamangu, muhogo huu wa wapi?" Sikiliza jibu kwa makini. Aliyeleta mali ya shambani kwao, au anayemjua mkulima wake, hutaja mahali hasa: Rabai, Kaloleni, Matuga. Asiyejua hukwambia "wa shamba" kisha hukuhimiza ununue. Viazi, kabichi na karoti hutoka bara, na si kosa la mtu, ila usiuziwe kama vilivyochumwa jana.

Hatua ya 3: Anza na nazi na muhogo

Nazi ishike uipime uzito, halafu itikise karibu na sikio. Maji yacheze kwa sauti nzito. Ikiwa kimya, ama imepasuka ama imekauka. Tazama yale macho matatu: yakiwa na ukungu au unyevunyevu, irudishe. Kwa tui la mchuzi taka nazi iliyokomaa. Koroma bado changa, tui lake ni jepesi. Ukiona kiu, kunywa dafu hapo hapo, na mwambie muuzaji akuchongee kijiko cha kumbi ukombe nyama yake laini.

Muhogo omba uvunjiwe ncha. Mbichi huvunjika kwa mlio, ndani mweupe pepe. Ukiona mistari ya buluu au nyeusi, una siku kadhaa tangu ung'olewe, hautaiva vizuri hata ukiuchemsha mchana kutwa. Na uhakikishe ni muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu, una matayarisho yake.

Hatua ya 4: Embe, na hapa usiwe na haraka

Embe si moja. Ngowe ni ndefu, imepinda ncha, nyama yake ina rangi ya machungwa na nyuzi chache. Hiyo ndiyo yangu ya kukata na kuandalia wageni. Boribo ni kubwa na nzito, nzuri kwa sharubati. Dodo lina nyuzi, watoto hulifyonza. Ukitaka achari, chukua mbichi iliyo ngumu kabisa.

Mwaka mmoja nilinunua kikapu kizima cha ngowe za manjano, zote rangi moja kama zilizopakwa. Nilikuwa na shughuli ya watu arubaini siku ile. Nilipokata ya kwanza, kokwa jeupe, nyama ngumu na chachu. Zilikuwa zimeivishwa kwa kabaidi, ile wanayotumia mafundi wa kuchomea vyuma. Niliumia sana, maana walikuja kula kwangu kwa kuniamini.

Tangu siku hiyo pua yangu hutangulia. Nusa pale kikonyo kilipokatika. Embe iliyoiva yenyewe hunukia hapo hata kama ganda bado lina kijani. Ya kabaidi mara nyingi haina harufu, na rangi yake imeenea sawasawa pasipo baka. Bonyeza kwa kiganja, si kwa kidole, usije ukaiumiza na mwenye mali akakukasirikia kwa haki. Michirizi ya utomvu uliokauka karibu na kikonyo usiiogope, ila osha mikono, kwani huwasha.

Nunua za siku tatu: chache za kula leo, chache zilizoanza kulainika, na zilizobaki ngumu.

Hatua ya 5: Bei

Vingi huuzwa kwa fungu. Kabla ya kukubali, omba uone za chini. Punguziwa kidogo, kisha omba nyongeza badala ya kubishana hadi mtu akose faida; mama anayekujua ndiye atakayekuwekea embe nzuri juma lijalo. Korosho, ambazo msimu wake ni huu huu, onja moja kwanza.

Hatua ya 6: Mboga na samaki mwisho

Kaskazi mvua haba, mchicha na kisamvu hunyauka kabla ya adhuhuri. Ukivinunua tu, vifunge kwenye ile leso yenye maji, uviweke juu ya kikapu. Samaki awe na macho yaliyotuna na mashavu mekundu, na ukimbonyeza arudi. Ukishamnunua, panda tuktuk, usipitie popote.

Hatua ya 7: Ukifika nyumbani

Embe ngumu zitandaze sakafuni penye kivuli, zisilaliane, na usizitie kwenye friji mpaka ziive. Muhogo menya siku hiyo hiyo, uloweke majini. Nazi ya kesho usiivunje leo.